Zamu ya Mzazi

Saa nane na dakika kumi mchana, siku ya Jumanne, nilikuwa nimekaa kwenye mashini yangu ya kushona katika mtaa wa Bungulu, mjini Beni. Hapo ndipo titi langu la kushoto liliuma kama limechomwa na kitu cha moto kutoka ndani. Saa ninaijua kwa sababu nilikuwa naitazama ukutani. Binti yangu mkubwa, Gloire, alikuwa aniletee mtoto saa tisa anyonye, na nilikuwa nasubiri saa tisa ifike. Mtoto alikuwa na wiki tano.

Chini ya blauzi nilikuwa nimejifunga. Wanawake wa kazi mjini kwetu wanalijua jambo hili. Ukirudi kazini ungali unanyonyesha, unakata kipande kirefu cha kitenge, unajizungushia kifuani, na mtu anakukazia fundo mgongoni. Maziwa hayavuji, nguo ya mteja hailowi. Siku hizo nilikuwa nashona magauni meupe ya komunyo ya kwanza, na kitambaa cheupe kikipata tone moja la maziwa kinabaki na doa la manjano. Kwa hiyo nilimwambia Gloire anikaze zaidi ya kawaida.

Ninaandika sasa kwa sababu nimepona, na kwa sababu wanawake wanakuja mlangoni kwangu wameshika titi kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono wa pili, wakiuliza wafanye nini. Mambo ya daktari sitayaeleza, sikuyasomea. Nitaeleza yaliyonipata, moja baada ya lingine. Pia nitasema ni nani alikosea, kwa maana hasira yangu haijaisha na sioni sababu ya kuifunika.

Kwanza mtu ataniuliza: mama wa miaka arobaini na mitatu, mwenye mtoto wa wiki tano, alitafuta nini kwenye mashini? Jibu ni likelemba.

Kwa asiyejua, likelemba ni kikundi cha kupokezana pesa. Sisi tulikuwa wanawake kumi na wanne wa mstari mmoja wa maduka. Kila baada ya wiki mbili kila mmoja aliweka kiasi kilekile, na mmoja wetu alichukua chote. Hiyo ndiyo benki yetu. Nilikuwa nimeweka tangu kabla mimba haijaonekana, bila kukosa hata mara moja, na zamu yangu nilikuwa nimeipanga iangukie mwezi wa kujifungua. Mume wangu, Kambale, yuko Kipese kwenye viazi vya baba yake, kwa sababu shamba letu la karibu na Beni halifikiki tena kwa ajili ya vita. Anatuma anachopata. Zamu ile ndiyo ingenikalisha nyumbani miezi mitatu.

Siku ya nne baada ya kuzaa, Mama Kasoki, muuza vitenge na mkubwa wa likelemba yetu, alikuja na wenzetu wachache wa likelemba, wakileta sukari na sabuni. Alimbeba mtoto, akamsifu pua. Kisha akasema:

"Mama Gloire, weye lala, nyonyesha mutoto. Likelemba hapana kukusumbua. Tumekupumuzisha."

"Asante, Mama Kasoki. Na zamu yangu? Inaanguka posho hii, Jumamosi."

"Yee! Donc unataka kukula bila kuweka? Mutu akipumuzika, na zamu yake inapumuzika. Utaingia kwa mwisho wa mustari, ukisha kupata nguvu."

Hakusema kwa ubaya. Hiyo ilikuwa sheria yetu ya tangu mwanzo: mzazi hadaiwi mchango, na hapewi zamu. Kila mtu chumbani aliitikia kwa kichwa kama mbele ya tendo la huruma. Tulikuwa tumeweka sheria ya kumwondolea mwanamke pesa yake mwezi anaoihitaji kuliko miezi yote, tukaiita kupumzishwa. Na waliotunga sheria hiyo wote walikuwa wamezaa.

Hivyo ndivyo nilivyorudi kwenye mashini.

Jioni ile ya Jumanne nilitetemeka hadi kitanda kikapiga ukuta. Asubuhi titi lilikuwa jekundu upande wa chini. Nilikwenda kituo cha afya.

Kwenye ukuta wa kituo palikuwa na picha kubwa ya rangi. Mama amekaa kwenye kiti chenye mikono, mgongo umeegemea, mtoto ananyonya, mama anacheka. Chini yake maandishi: Mama, mpe mtoto wako maziwa yako peke yake hadi miezi sita. Chini ya picha sisi tulisimama. Benchi lilikuwa moja, na lilikuwa la waliokwisha kulipa karatasi ya kuingia. Nilinyonyesha nimesimama, nimeegemea ukuta, kichwa changu kikigusa miguu ya yule mama anayecheka. Niliitazama picha ile muda mrefu. Aliyeichora hakuwahi kututembelea.

Muuguzi aliniuliza umri kabla ya kuniuliza ninapoumwa.

"Arobaini na tatu? Na ungali unazala? Mais mama, hii mwili imechoka. Hii maziwa imeoza, unaona? Hapana kumupa tena. Umukamatie mutoto maziwa ya kopo."

"Kopo moja linamaliza siku ngapi?"

"Ine. Tano, kama unapima muzuri."

Alivuta mtoto wa meza. Makopo yalikuwa humo, yamepangwa, chini ya nakala ya picha ileile ya ukutani.

"Na nikikosa feza ya kopo ya pili?"

"Jidebruye, mama, utafute njia. Bamama bote banajidebruye."

Sikununua. Alinipa vidonge vya maumivu, kisha akachukua kitenge changu mwenyewe akanifunga upya, kwa nguvu, ili maziwa yakauke. Huko ndiko nilikokwenda kutafuta msaada, na huko ndiko nilikofungwa mara ya pili.

Kilichofuata ni mwili wangu kuniacha kidogo kidogo. Ngozi ya titi ilianza kung'aa kama biringanya. Mkono wa kushoto haukupanda tena kufika kwenye gurudumu la mashini. Blauzi niliyojishonea mwenyewe, kwa vipimo vyangu mwenyewe, ilikataa kufunga upande mmoja. Niliipanua mshono wa pembeni, baada ya siku mbili nikaupanua tena, kisha sikuwa na kitambaa cha kupanua. Mtoto alikuwa analia kwa sauti nyembamba. Magauni ya komunyo aliyamalizia mwanamke mwingine, na mteja aliniambia amesikitika, akachukua vitambaa vyake.

Gloire ndiye aliyempigia simu baba yake, na Kambale ndiye aliyesema niende Butembo kwa mama yake, kwa kuwa kuna hospitali na kuna mtu wa kumshika mtoto. Tulipanda gari la asubuhi. Kwenye kizuizi kimoja askari alituamuru tushuke sote. Mimi sikuweza. Alikuja dirishani kunifokea, akaniona nilivyoshika kifua, akamwona mtoto.

"Bébé azali kolela," alimwambia mwenzake. Mtoto analia. Kisha kwangu, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika: "Mama, bakia ndani. Chauffeur, twende, twende, hapana kuchelewesha mama."

Hakuomba kitu. Ninaliandika hili kwa sababu katika safari nzima ya ugonjwa wangu, huyo ndiye mtu wa serikali pekee aliyeniuliza kidogo na kunipa kingi.

Butembo ilikuwa na baridi ya mvua. Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Koko kama wajukuu wake, alinipokea mlangoni, akamchukua mtoto mikononi mwangu kabla sijakaa, akampima kwa mikono kama anayepima kuku sokoni.

"Huyu mutoto ni mwepesi. Muke ya Kambale, ulikwisha zeeka. Nilimuambia Kambale, hakunisikia. Posho nitamupeleka Kipese. Kule kuko maziwa ya ng'ombe, kuko uji ya mutama. Weye utibiwe."

Alikuwa tayari ameandaa chupa ya maji ya sukari.

Hapa lazima niseme jambo moja ili msomaji aelewe nilichokuwa naogopa. Mtoto wangu wa tatu alikwenda Kipese hivyohivyo, akiwa na miezi miwili, wakati nilipougua malaria kali. Alikunywa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji ya kisima. Alihara. Walimzika kabla sijaweza kupanda gari. Koko huyuhuyu alimpenda mtoto yule, na alifanya yote aliyojua. Kwa hiyo titi lilipokuwa linaniuma sikuwa ninaogopa titi. Nilikuwa ninahesabu kwamba Jumamosi iko karibu.

"Koko, nipe muda mpaka daktari aseme."

"Daktari ananyonyeshaka?"

"Nipe mpaka aseme."

Daktari alikuwa mwanamke kijana kutoka mkoa mwingine, Kiswahili chake kilikuwa kinatembea polepole. Aligusa mahali palipokuwa laini katikati ya ugumu, akasema ni jipu, lipasuliwe leo. Kisha akasema kitu ambacho sikuwa nimekisikia kwa mtu yeyote: mtoto aendelee upande wa kulia, upande wa kushoto ukamuliwe kwa mkono, na nguo ile ya kujifunga ichomwe.

"Maziwa haijaoza?" niliuliza.

"Nani alisema imeoza?"

Nilimkabidhi ile nguo. Kumjibu kungeniliza kwa hasira, na sikutaka Koko adhani ni kwa woga.

Lakini leo haikuwa leo. Kwanza kaunta ilitaka amana. Nilikaa kwenye ukumbi wa kusubiria hadi Kambale alipopata mtu wa kumkopesha na kuituma kwa simu. Walinipasua kesho yake. Usaha ulijaza bakuli, na nyuma yake, kutoka kwenye kidonda, yalitoka maziwa. Meupe, safi. Nililala pale nikiyatazama yakimwagika kwenye bakuli la bati. Waliingiza utambi wa shashi ndani ya shimo, na kila asubuhi walikuja kuuvuta na kuingiza mwingine. Mtu atakayepitia hayo, namwambia ukweli: utambi unauma kuliko kisu. Vuta pumzi kabla hawajavuta, siyo baadaye.

Chumbani tulikuwa watatu wenye ugonjwa mmoja.

Kitanda cha dirishani kilikuwa cha mke wa mkuu wa ofisi moja ya serikali, watu wa mkoa mwingine. Sisi tulimwita Madame. Alikuwa amekuja siku ya pili ya homa, dereva akimbebea mto, mablanketi na kiti cha plastiki chenye mikono. Alichomwa sindano, titi likalegea, hakupasuliwa. Siku ya tatu alikwenda nyumbani.

Kitanda cha mlangoni kilikuwa cha Masika, mkulima wa Vuhovi. Yeye alijifunga ili kubeba maharagwe. Alifanyiwa kila kitu nyumbani, majani, maji ya moto, maombi, hadi titi likapasuka lenyewe njiani akishuka kuja mjini. Mtoto wake alikuwa amepewa uji mwepesi na mama yake Masika, wiki nzima.

Mimi nilikuwa katikati, kwa kitanda na kwa mambo mengine pia. Mtu asiniambie kwamba Madame alikuwa na mwili bora, au kwamba Masika alikuwa mjinga. Tulikuwa na ugonjwa uleule, uliosababishwa na maziwa yaleyale kukosa mahali pa kutokea. Mmoja alifika siku ya pili, mmoja ya tisa, mmoja sijui ya ngapi. Hiyo ndiyo tofauti yote, na haikutoka kifuani.

Madame hakuwa mbaya. Siku ya kuondoka alimwambia dereva aache kiti.

"Mama, bon courage," aliniambia. "Kiti ibakie. Mugongo inauma sana kunyonyesha kwa kitanda."

Nilikaa kwenye kiti kile. Kilikuwa kama kile cha kwenye picha ya kituo. Nilipoegemea mgongo nilishangaa, maana sikujua kwamba sehemu kubwa ya uchungu ilikuwa mgongoni.

Mtoto wangu alikuwa ameizoea chupa ya Koko, akawa anageuza uso. Koko alikaa pembeni na chupa yake tayari. Ilikuwa Ijumaa. Siku hiyo ndipo alipoinuka kwenda kumsaidia mama yake Masika kumbadilisha mjukuu. Nilimwona akimnyanyua yule mtoto. Shingo haikushika. Kichwa kilianguka nyuma kwenye kiganja chake, naye akabaki amekishika hivyo, bila kumrudisha chini, kwa muda mrefu.

Aliporudi alikuja mbele ya kiti.

"Mukono yako haipande, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi hapana kuivuta. Mimi nitamushika."

Alipiga magoti, akamweka mtoto juu ya mto, akamsogeza kwenye titi la kulia, na alipogeuza uso akamrudisha, akageuza tena akamrudisha tena, huku akimwambia kwa Kinande maneno ya kumtania mtu mzima mwenye kiburi. Mtoto alishika. Chupa Koko aliiosha, na nilipoiona tena ilikuwa na mafuta ya taa. Jumamosi hakuna aliyekwenda Kipese. Hakuomba msamaha kwa huyu wala kwa yule wa kabla, na mimi sikudai.

Masika aliondoka kabla yangu, utambi ukiwa bado ndani. Maharagwe yalikuwa yanaoza shambani na mume alikuwa amekwisha kuuza mbuzi. Akiwa anafunga kitenge cha kumbebea mtoto aliniuliza kuhusu likelemba, maana nilikuwa nimemsimulia.

"Banawekaka feza tu?"

"Pesa tu."

"Na mutu mwenye haina feza ya kila posho? Miye niko na mikono. Niko na muhogo. Ningeshika batoto yenu siku nzima."

"Hakuna sheria ya hiyo."

"Ah. Basi ni likelemba ya batajiri," alisema, akacheka, akaniaga. Kumbe alikuwa ananiita mimi tajiri. Baadaye, muuza muhogo wa Vuhovi aliniambia kwamba Masika yu hai, kwamba titi lile limekauka, na kwamba mtoto anaishi lakini bado hajakaa.

Nilirudi Beni mvua zilipokwisha. Kidonda kilikuwa kimefunga, kimeacha shimo unaloweza kuingiza ncha ya kidole. Titi la kushoto lilitoa maziwa kidogo, na kidogo hicho mtoto alikinyonya. Jumamosi ya kwanza nilikwenda kwenye likelemba, nyuma ya duka la Mama Kasoki.

"Mama Gloire amerudia!" alisema. "Karibu, karibu. Umenona ku uso. Unaanza kuweka leo?"

"Leo naanza kusema."

Nikasema. Nilisema sheria ya kumpumzisha mzazi ifutwe. Mzazi awe wa kwanza kwenye mstari, apokee siku ya kujifungua, aweke baadaye. Asiye na pesa aweke saa zake: chumba kitupu cha mwisho wa mstari kifagiliwe, watoto wakae humo, mmoja wetu awashike kwa zamu, na mama atoke kwenye kazi yake hatua chache, anyonyeshe, arudi, bila kujifunga.

Mwanamke mmoja muuza samaki alipiga makofi ya dhihaka. "Basi tuzale wote, tukule!"

Walicheka. Hata mimi ningecheka.

"Mais Mama Gloire," alisema Mama Kasoki, "na akikimbia na feza? Akikufa?"

Nilifungua vifungo vitatu. Tulikuwa wanawake peke yetu mle ndani, na sikuona aibu yoyote. Niliwaonyesha shimo na ngozi iliyojikunja kulizunguka.

"Nilikuwa nimeweka mara kumi," nilisema. "Pesa zangu zilikuwa hapa ndani, kwenye nyumba hii, siku mlipoleta sukari. Nani alikimbia na pesa za nani?"

Muuza samaki alitazama chini, kisha taratibu akapeleka mkono mgongoni kwake na kuanza kutafuta fundo lake. Mtoto wake alikuwa na miezi miwili. Ilibidi jirani amsaidie, maana lilikuwa limekazwa sana.

Sheria ilipita kwa kura tisa. Chumba kina watoto sita sasa. Wanawake wanne wasio na pesa wameingia kwa saa zao, wawili wao walikimbia kutoka vijijini. Na kiti kile cha plastiki, ambacho Koko alinifungia juu ya gari bila mimi kumwomba, kiko humo. Mzazi wa kwanza kupokea zamu siku ya kujifungua alikuwa mke wa mtoto wa Mama Kasoki. Nilichangia kama wengine. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini nilipomwona amekaa nyumbani mwezi wa pili, amelala mchana na mtoto wake, niliumia titi lililokwisha pona.

Ukiwa unasoma haya nawe una homa na titi ni gumu, fungua hiyo nguo sasa hivi, mpe mtoto anyonye, na tafuta dawa leo, siyo Jumamosi. Akikwambia mtu kwamba maziwa yako yameoza, angalia kama ana makopo mezani.

Kuhusu zamu yangu mwenyewe, nilimwuliza Mama Kasoki siku ileile ya kura.

"Sheria ya mupya inaanza leo," alijibu. "Ya nyuma ni ya nyuma. Weye uko kwa mwisho wa mustari, pale pale."

Zamu ile ingekuwa dola sabini. Ugonjwa ulinigharimu dola mia mbili kumi na saba, na bado niko mwisho wa mstari.